Ukioa Bagamoyo, mtafute mjomba kwanza!

Wiki hii tunakamata ile njia ya Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, mpaka Bagamoyo mjini. Safari yenyewe ni kilometa 60 na ushee tu, ukiondoka Dar asubuhi, mchana unatafuna pweza. Lakini leo hatuendi kula pweza, wala hatuendi kushangaa magofu ya Kaole. Tunakwenda kuangalia ndoa.

Sababu ni hii. Tangu viwanja vya Dar vilipoanza kuwa ghali, vijana wa bara wamemiminika huko. Wachagga wapo, Wahaya wapo, Wasukuma, Wakurya, Wanyakyusa, wote wapo. Kijana anasimamisha vyumba viwili, anafungua duka la misumari na saruji, jioni anaweka kiti nje anapunga upepo. Mara anapita mtoto wa Kizaramo au wa Kikwere, doti ya kanga mwilini, sauti ya taratibu kama anaimba: "Habari za jioni, kaka?" Basi, kwisha habari yake! Miezi sita haipiti kijana anatafuta mshenga.

Mimi sina ugomvi na mapenzi. Ninachosema ni kwamba kijana huyu anadhani anaoa kama baba yake alivyooa kule kwao, kumbe anaingia kwenye utaratibu mwingine kabisa. Kizaazaa chote kitakachokuja baadaye, cha wageni, cha mke akajifungulie wapi, cha nani mwenye sauti juu ya mtoto, kina mzizi mmoja. Na mzizi wenyewe unavaa msuli, unakunywa kahawa barazani, na unaitwa mjomba.

HUYU MJOMBA NI NANI?

Kwa Mchagga, Msukuma, Mhaya na Mkurya, mtoto ni wa ukoo wa baba. Jina la baba, shamba la baba, na siku ikifika, kaburi la upande wa baba. Mjomba huko ni mtu wa kwenda kumsalimia wakati wa likizo ukarudi na kuku. Basi.

Huku kwetu mambo yalianza kinyume. Wazaramo, Wakwere na Wazigua, pamoja na ndugu zao Waluguru wa milimani, kwa asili huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwanamume mwenye sauti katika ukoo huo ni kaka yake mama. Zamani huyo ndiye aliyekaa mbele posa ilipoletwa, ndiye aliyesimama mpwa wake alipokuwa na kesi au deni, na mali yake ilielekea kwa wana wa dada yake. Baba mzazi alipendwa, aliheshimiwa, alilea. Lakini ukoo haukuwa wake.

Wala hizi si porojo za kijiweni. Mwaka 1967 msomi mmoja wa mila, T. O. Beidelman, alitoa kitabu kizima juu ya makabila ya mashariki mwa Tanzania yanayofuata upande wa mama, Wazaramo wakiwa wa kwanza kutajwa kwenye jina lake. Na miaka hiyohiyo ya sitini mama mmoja wa Kifini, Marja-Liisa Swantz, alikwenda kuishi Bunju, hii Bunju tunayopita na daladala, akajifunza maisha ya Wazaramo akiwa kati yao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1970. Mzungu alihama kwao Ufini kuja kuyajua mambo haya, na wewe unayeoa hapohapo hutaki hata kuuliza!

Najua utaniambia, "Mwandishi, watu wa Pwani si Waislamu? Uislamu si unafuata baba?" Swali zuri sana. Ni kweli, dini ilikuja na mpango wake. Walii wa binti ni baba yake, na mirathi ina mafungu yake yanayojulikana, mtoto wa kiume sehemu mbili, wa kike moja. Mjomba akanyang'anywa mambo mengi. Ila hakuondoka. Alisogea tu, akakaa pembeni na kikombe chake cha kahawa, anasikiliza.

Sasa mwone kijana wetu. Amekwenda kwa baba wa binti, wamezungumza, wamecheka, barua imepokelewa, kila kitu kimenyooka. Wiki mbili kabla ya ndoa anaibuka mzee mmoja ambaye yeye alidhani ni jirani tu aliyekuja kuomba moto wa sigara. Mzee anakohoa kidogo: "Mimi mbona sijaambiwa kitu?" Hakasiriki, hapigi kelele. Anasema hivyo tu, anafunga msuli wake, anaondoka. Na mama wa binti naye ananyamaza. Hapo ndugu yangu mambo yote yamesimama, na hata uongeze pesa kwa baba haisaidii. Mwandishi wako nina wajomba wanne, najua ninachosema.

NG'OMBE NA KILEMBA

Tuje kwenye mahari, maana hapa ndipo vijana wa bara wanapochekelea kabla ya wakati.

Usukumani au Ukuryani mahari ni ng'ombe, na ng'ombe hao wanakwenda kwa baba na kaka za binti. Mara nyingi ng'ombe hao hao ndio wanaomwolea kaka yake mke. Kwa hiyo siku binti akirudi nyumbani analia, uso umevimba, kaka anawaza: nikimpokea huyu, wale ng'ombe wanadaiwa, na mimi wangu tayari wako kwa wakwe zangu. Anamwambia, "Dada, vumilia, rudi kwa mumeo." Simlaumu kaka, mpango wenyewe umemfunga mkono. Lakini anayekwenda kupigwa tena si kaka.

Pwani mahari ya dini ni ya binti mwenyewe. Ni haki yake mkononi. Kando ya hiyo kuna mkaja wa mama, na kuna kilemba cha wazee, na kwenye kilemba hapo mjomba lazima atazamwe. Ukijumlisha yote, mara nyingi haifiki bei ya ng'ombe watano. Kijana wa bara anapiga hesabu, anatabasamu: "Pwani kuoa rahisi bwana!"

Rahisi ndiyo, lakini na ulichopewa ukitazame vizuri. Kule bara ng'ombe wameuhamisha uzazi wa yule mwanamke kwenda ukoo wa mume. Huku hakuna kilichohama. Mke amekuja kwako na kitanda chake, vyombo vyake na kanga zake, ila ukoo wake umebaki palepale ulipokuwa, na mlango wake haujafungwa. Ndiyo maana mwanamke wa Pwani ukimletea ubabe hakupigii magoti. Anakusanya sufuria, anaita mkokoteni, anakwenda kwa mama yake. Kaka yake anampisha chumba. Hakuna anayemcheka. Akimaliza eda anaweza kuposwa tena, na kungwi wake akampamba upya kama mara ya kwanza.

Mama wakwe wa bara husema, "Hawa wanawake wa Pwani hawadumu, wanapenda ngoma." Ngoma wanapenda, sikatai! Ila hilo la kutodumu mimi naliona vingine. Mtu mwenye pa kwenda havumilii visivyovumilika. Tena serikali nayo ililiona jambo hili kwa upande wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imekataza mume kumwadhibu mke kwa kipigo, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kazi za mama nyumbani, kupika, kufua, kulea, zihesabiwe kuwa mchango wakati wa kugawana mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Kwa hiyo hata yule dada wa bara aliyeambiwa "vumilia", siku hizi anayo karatasi ya kushika.

Ya jikoni nayapita haraka kwa sababu yanazoeleka. Mume wa Kichagga anataka machalari, mke anakuna nazi kwenye mbuzi na kukamua tui kwa kifumbu, mwezi wa kwanza mume analalamika kila kitu kina nazi, hata mchicha, hata maharage. Mwezi wa tatu anaomba aongezewe. Mhaya akikosa ndizi zake ananuna kidogo, kisha anagundua kuna ndizi mbichi za kupika kwa nazi na papa. Suala la wanaume kula barazani sinia moja na wanawake kula uani nalo linaisha lenyewe, nyumba za siku hizi Mapinga hazina hata baraza.

Wageni ndio wana kasheshe kidogo. Nyumba ya bara inajaa wadogo wa mume waliokuja mjini kutafuta maisha. Nyumba ya Pwani inajaa watoto wa dada. Mkiwa wa makabila mawili mnajaza wote! Saa tatu usiku mkeka umetandikwa sebuleni, upande huu shemeji mtu, upande ule wapwa, na kila upande unaamini mgeni ni yule mwingine.

Na ngoja niseme kidogo juu ya kungwi, maana vijana wengi mnakuja Pwani kwa sifa hizo. Binti wa Kizaramo akivunja ungo aliwekwa ndani, zamani kwa muda mrefu sana, akapewa na kile kisanamu cha mti kinachoitwa mwana hiti, akakitunza kama mtoto. Shule na maisha vimeupunguza muda huo sana, lakini mafunzo yapo. Unapokelewa mlangoni, maji ya kuoga yako tayari, chumba kinanukia udi na asumini. Raha tupu! Lakini yule somo aliyemfundisha hakulipwa akaondoka. Yeye ni mlezi wa ndoa yenu. Ukimkosea mke ndani ya chumba jioni, kesho yake saa nne asubuhi kuna mama mtu mzima uani kwako anachambua mchele na kukutazama kwa pembe ya jicho. Wanaume wa bara hili linawashinda kabisa. Kwao siri ya nyumba ni ya watu wawili.

BIBI WAWILI, TUMBO MOJA

Sasa tufike penyewe. Mke ana ujauzito wa kwanza, miezi saba. Huko Moshi mama yake mume ameshaanza kumtazama mbuzi gani atachinjwa. Huku Bagamoyo mama mzazi ameshafagia chumba cha nyuma na kufua vitambaa vya kumpokelea mtoto. Na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Mila ya Pwani inasema uzazi wa kwanza ni kwa mama. Binti anarudi kwao, anajifungua, anakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, anapewa uji wa pilipili manga, mtoto anapakwa mafuta, wanakaa ndani mpaka siku 40 ziishe. Arobaini ikitimia mtoto anatolewa, wanawake wanakula na kuimba, ndipo mume anakuja kuchukua watu wake. Muda wote huo mume ni mgeni wa jioni. Analeta samaki na sabuni, anaonyeshwa mtoto, anaondoka.

Mila ya Kichagga inasema uzazi ni kwa mume. Mama mkwe ndiye mwenye kazi. Mzazi anakaa ndani kama miezi mitatu, hagusi jembe wala ndoo ya maji, mtori unaingia na kutoka, nyama inachinjwa kwa ajili yake. Mwanamke wa Kichagga ambaye hakulishwa vizuri uzazi wake atakukumbusha mpaka mjukuu aoe.

Ukiziangalia hizi mila mbili, zinataka kitu kimoja: mwanamke apumzike, ale, apone. Wazee wetu wote walijua kwamba mama aliyetoka kujifungua ana mguu mmoja kaburini. Tofauti ni mikononi mwa nani. Na hapa, msomaji, mimi nina upande wangu na nitausema. Msichana wa miaka 20 aliyezaa mara ya kwanza, damu inatoka kupita kiasi au homa imempanda usiku, atamwambia nani? Mama yake atamwambia palepale, tena kabla hajasema mama ameshaona. Mama mkwe, hata awe mwema kama malaika, ataambiwa, "Sijambo mama, nimechoka tu." Binti anaona haya. Na haya hiyo inaua, maana damu haingoji kuche. Kwa hiyo mume wa Kichagga, Mhaya, hata uwe Mkurya, uzazi wa kwanza mwache mtoto wa watu karibu na mama yake, na karibu na hospitali ambako kadi yake ya kliniki inajulikana. Mbuzi wa Moshi hatakimbia. Bibi wa Moshi apande basi aje Bagamoyo kwenye arobaini. Akae wiki mbili, apike mtori hapohapo, mama wa binti naye aonje.

Nimesikia kuna nyumba waliofanya hivyo, wale bibi wawili sasa wanapigiana simu bila hata kupitia kwa watoto wao.

MTOTO NI WA NANI?

Yote hayo ni mepesi watu wakiwa wazima na wakipendana. Jambo linakuwa zito ndoa ikivunjika, au baba akifa.

Baba mdogo anatoka bara na mila yake: watoto ni wa ukoo, wapande gari twende. Huyu anaweza hata kutaja ule utaratibu wa sheria za mila uliotangazwa na serikali mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata upande wa baba. Humo imeandikwa kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, atatunzwa na watoto wake. Mwanamke wa Pwani akisomewa maneno hayo anadhani ni utani. Kwa dini yake mjane ana fungu lake, moja ya nane kama kuna watoto, na moja ya nne kama hakuna. Kwa mila ya mama zake watoto wala si wa kubishaniwa. Mjomba anakohoa, anafunga msuli.

Hapo kuna mila mbili, dini moja au mbili, na serikali juu yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mahakama itazame kwanza faida ya mtoto, na inachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 ni vema awe kwa mama yake, isipokuwa kama imeonyeshwa vingine. Mtoto haangaliwi kama ng'ombe wa baba mdogo, wala kama mpwa wa mjomba. Ila kufika mahakamani ni mbali, na wengi mambo yao yanaamuliwa matangani siku ya tatu, na mwenye sauti kubwa ndiye anashinda.

Kaburi nalo lina vita yake. Pwani mtu akifa asubuhi, alasiri amezikwa. Mchagga anasafirishwa mpaka kihambani kwao, hata ndugu wachangishane wiki nzima. Kuna vijana waliosilimu ili waoe, huku Mapinga wanaitwa jina la Kiislamu, kwao bado wanaitwa jina la ubatizo, na mama zao hawajui lolote. Siku wakifa jeneza litakwenda wapi? Majirani zetu Wakenya lilishawakuta, ingawa kwa sura nyingine. Wakili S. M. Otieno, Mjaluo, alifariki Nairobi Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika kwenye shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wa mume, Umira Kager, ukasema Mjaluo anazikwa kwao. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufani, mwili umo mochari, miezi mitano. Ukoo ukashinda, akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Ndoa yao ilikuwa ya serikali, ya watu waliosoma, na haikusaidia kitu.

Wengine husema, basi vijana tuachane na koo zote, mume na mke watosheleze. Mimi nikisikia hivyo naukumbuka mji wenyewe wa Bagamoyo. Hapa ndipo misafara ya pembe za ndovu ilipokomea, Wanyamwezi wakibwaga mizigo yao, na ndiyo sababu mpaka leo Mnyamwezi na Mzaramo ni watani wa kuchukuliana vitu msibani. Lakini misafara hiyo ilileta na watu waliotekwa. Mtumwa alikuwa nani? Ni mtu aliyetolewa kwao, hana mjomba wa kukohoa kwa ajili yake. Angeuzwa, angepigwa, angeozwa, na hakuna mzee ambaye angesema "mbona sijaambiwa?" Mapadri Wakatoliki walipojenga misheni yao hapo mwaka 1868 waliwakomboa watu wa aina hiyo, wakawafungisha ndoa, wakawapa nyumba na mashamba. Zilikuwa familia zilizoanza bila ukoo wowote, baba, mama na mtoto basi, na mambo yao yote makubwa yalikuwa yanakwenda kwa padri. Naye padri ilibidi awe mjomba!

Kwa hiyo kijana wa bara, yule mzee usimwone kikwazo. Nenda kwake kabla hujaenda kwa baba, au siku hiyohiyo. Mwambie, "Shikamoo mjomba," usubiri marahaba, ukae chini kwenye mkeka, usikimbilie kiti. Mweleze kwenu ni wapi na watoto kwenu huhesabiwaje. Muulize uzazi wa kwanza unakuwa wapi. Muulize ukifa leo utazikwa wapi, na mpe namba ya simu ya baba yako mdogo ili wajuane kabla ya matanga. Asipopatikana nyumbani, baada ya swala ya alasiri yupo kwenye bao.